Dakika saba hewani, soksi ndizo zikakumbukwa

Simu ya kwanza ilitoka Ifakara, kwa mama. Hakuuliza kuku, hakuuliza chanjo. "Baba, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, mama, mzima kabisa. "Mbona uso ulikuwa unakutoka maji vile? Na hilo koti la nani?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka studio, nimesimama kituoni Mwenge nasubiri daladala, kichwani bado najiona mheshimiwa. Mimi ni daktari wa mifugo, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuzunguka vijijini kuwaambia wafugaji jambo moja: kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, hakina dawa. Kikishaingia bandani umechelewa. Kinga ni tone moja la chanjo kwenye jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu, na kwa kuku mmoja gharama haifikii bei ya yai. Asubuhi ile nilipewa dakika saba kwenye televisheni, mubashara, watu wakinywa chai. Jioni nikafungua kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja: meseji zaidi ya thelathini. Moja ilihusu chanjo. Nyingine zote ziligawana soksi zangu, jasho langu, na shati ambalo kila mtu alidai lilikuwa linacheza.

Naandika haya kwa ajili ya mwanaume mwenzangu atakayepigiwa simu kama niliyopigiwa mimi. Mialiko hii siku hizi si ya wanasiasa peke yao. Fundi wa sola anaitwa, mwalimu anaitwa, mwenyekiti wa ushirika anaitwa, na hakuna anayekaa naye chini kumwambia kamera inamwonaje.

Makosa yangu yalianza kabla sijapanda basi. Prodyuza alinipigia Jumatano, kipindi kilikuwa Ijumaa. Akanitajia saa, akanielekeza jengo, nikashukuru, akakata. Sikuuliza kitu. Leo simwachi akate mpaka anijibu: nitakaa au nitasimama? Kiti chenyewe ni cha namna gani? Nyuma yangu kuna rangi gani? Kuna mtu wa poda, au nijitegemee?

Koti niliazima kwa shemeji, mdogo wa mke wangu, mhasibu, mwili wake umejaa kuliko wangu. Koti jeusi, la harusi yake. Alhamisi nikateremka Dar na kununua shati jipya kwa shilingi 28,000, jeupe, lenye mistari ya bluu myembamba kama nyuzi. Dukani lilinipendeza kweli. Jioni nikaingia kwa kinyozi Sinza, nikamwambia kesho niko kwenye TV. Hilo usimwambie kinyozi kamwe. Akisikia TV anataka kazi yake ionekane. Alinichonga paji mpaka likawa kama limepigwa rula, akashusha ndevu kwa wembe hadi ngozi ikawa laini kama ya kichanga, kisha pale mbele nywele zilipoanza kuadimika akapaka piko. Shilingi 10,000, na 2,000 ya soda. Nikajitazama kwenye kioo nikaona bwana harusi.

Kulipokucha shingo yote ilikuwa imeumuka vipele. Sisi wenye nywele za kipilipili ndevu zetu zinaota zimejikunja. Ukizikata chini kabisa kwa wembe, ncha inajipinda na kurudi ndani ya ngozi, na ngozi inavimba kupambana nayo kama inavyopambana na mwiba. Hayo nayajua, nimeyasoma darasani kwa wanyama na kwa watu, na bado nilikaa kwenye kile kiti nikanyamaza kwa sababu kinyozi alikuwa ananisifia. Juu ya vipele nikapaka mafuta ya nazi, na kwa kuwa siku ilikuwa kubwa nikapaka mengi.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na baridi ya bucha. Palikuwa na dada mmoja mwenye kisanduku cha poda na brashi. Alinitazama paji la uso, akasema kwa adabu, "Kaka, nikuguse kidogo hapa." Nikacheka. "Mimi tena nipambwe kama bibi harusi?" Akatabasamu, akaniacha, akamwendea mgeni mwingine, mzee mmoja mwanasheria aliyekuwa tayari ameinua uso kama mtu anayesubiri kunyolewa. Huyo mzee alikuwa mzoefu. Mimi nilikataa kazi ya sekunde ishirini kwa sababu ya uanaume ambao pale hakuna aliyekuwa anauulizia.

Ndani ya studio, chini ya taa, baridi iliisha. Fundi sauti akanibana kimaiki kwenye tai, akapitisha waya ndani ya koti na kuning'iniza kisanduku chake kwenye mkanda wa suruali. Kitambulisho cha kazi nilikuwa nimekivaa shingoni kwa kamba yake. Hakuniambia nikivue, nami sikuwaza. Sofa lilikuwa la chini, laini, la kuzama. Nilipokaa tu, koti la shemeji likapanda mabegani hadi karibu na masikio, suruali ikapanda ikaacha ugoko wazi, na soksi zangu fupi za kijivu zikajianika juu ya viatu vyeusi, katikati yake nyama ya mguu. Kamera moja, nakwambia, ilikuwa imewekwa kwa ajili ya miguu yangu.

Usiku tulirudia kutazama kwenye simu, mimi na mke wangu. Dakika ya pili akasema, "Hebu zima sauti." Nikazima. Tukamtazama mtu mwenye paji linalong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, shati lake linatembeza mawimbi ya rangi kama petroli juu ya dimbwi. "Haya, sasa washa sauti ufumbe macho." Nikafumba. Nikasikia maelezo ya kideri, tena si mabaya, na chini yake kwaru, kwaru, kwaru, kitambulisho kikikwaruza maiki kila nilipomgeukia mtangazaji. Nilipofumbua, ilikuwa dakika ya tano, na tone jeusi la piko lilikuwa linakaribia nyusi.

Kipimo hicho cha mke wangu hakijanitupa mpaka leo. Nikialikwa, siku mbili kabla navaa kila kitu nitakachovaa, nakaa kwenye kiti cha chini kuliko vyote nyumbani, najirekodi dakika mbili kwa simu. Natazama bila sauti, kisha nasikiliza bila kutazama. Nikiona kitu kinachonivuta macho kabla ya uso, nakivua.

Shati lile nilimpelekea jirani yangu anayepiga video za harusi, nimuulize limerogwa na nani. Akaingia chumbani akatoka na chandarua, akakikunja mara mbili, akakiinua dirishani. "Tazama." Pale neti mbili zilipolaliana yalitokea mawimbi makubwa ambayo hayapo kwenye neti yenyewe, na aliposogeza mkono yakatambaa. Ndani ya kamera, akasema, picha inapokewa na vidoa vidogo vilivyojipanga kwa safu kama matundu ya neti. Mistari yako myembamba ni neti ya pili. Zikilaliana, shati linacheza. Drafti ndogo ndogo ni vilevile, na vitambaa vya koti vyenye mchoro wa punje au mifupa ya samaki. Mstari mpana hauna neno. Kwa hiyo shati la 28,000 sasa navalia kanisani.

Katika siku zile za aibu nilisoma habari za mtu aliyepata hasara kubwa kuliko yangu. Tarehe 26 Septemba 1960, mjini Chicago, Richard Nixon na John Kennedy walifanya mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa Marekani kuonyeshwa kwenye televisheni. Nixon alikuwa ametoka hospitali kwa ajili ya goti, amepungua, kola imemlegea. Suti yake ya kijivu kwenye picha nyeusi na nyeupe iliungana na ukuta wa nyuma. Mekapu ya maana aliikataa, wakampaka tu kitu cha dukani cha kuficha kivuli cha ndevu, na jasho likafanya kazi yake. Kennedy alivaa suti iliyokoza, akatulia. Inasemwa sana kwamba waliosikiliza redioni walimpa Nixon ushindi. Ushahidi wa hilo ni mwembamba, mimi siutegemei. Lakini picha zipo, mtu yeyote anaweza kuzitazama, na nilipoziona nilimhurumia Nixon kama ndugu. Naye alimkataa yule dada wa poda.

Mwaliko wa pili haukunitoa nyumbani. Ulikuwa mahojiano kwa Zoom, na nilidhani nimeshakomaa. Shati jeupe lisilo na mstari, nimechomekea, ndevu zangu nimeziacha na siku tatu. Nikakaa mbele ya ukuta mweupe, dirisha likiwa ubavuni kwa nyuma, jua la saa nne linaingia. Nikatokea kama kivuli chenye meno.

Kamera ikijipimia mwanga yenyewe inatafuta wastani wa picha nzima. Ikikuta ukuta mweupe, shati jeupe na dirisha linawaka, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Inapopunguza, wa kwanza kupotea ni mwenye ngozi nyeusi. Si ngozi yenye kosa. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipanga rangi zao kwa kadi za kampuni ya filamu ya Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley kwa jina la mmoja wao, na sisi tukaambiwa tumetoka vibaya. Kamera za leo zimeendelea, lakini ukiivalisha picha weupe mtupu bado itakuonea. Tangu hapo dirisha nalielekea kwa uso, siligeuzii tena mgongo. Kwenye simu nabonyeza pale uso ulipo na kushikilia kidole mpaka ijifunge hapo. Na nguo nyeupe tupu sivai. Nachagua samawati iliyopoa, rangi ya maziwa, damu ya mzee, bluu iliyokolea kiasi. Jeusi tii mbele ya ukuta wenye giza nalo ni janga lake: unabaki kichwa kinachoelea.

Miwani pia siku ile ilinisaliti, macho yangu yakawa madirisha mawili ya skrini. Dawa niliyoipata ni ndogo hadi inachekesha: nyanyua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio, vioo viiname chini, mng'ao unaondoka.

Hili la tatu silisimulii bila kucheka. Shirika moja tuliloshirikiana nalo lilitaka video za mafunzo, na wakatugawia fulana za kola za kijani, kijani cha jani la mgomba, zina nembo kifuani. Tukaenda kurekodi. Nyuma pametandikwa pazia la kijani. Mpiga picha alikuwa kijana mgeni, mimi sikujua, mratibu hakujua. Pazia lile lipo ili kompyuta iambiwe: kila penye kijani ondoa, weka picha nyingine. Wanachagua kijani kwa kuwa kiko mbali na rangi ya ngozi ya binadamu. Tukarekodi kwa saa tatu. Walipoweka picha ya banda la kuku nyuma yangu, banda likaingia pia kifuani. Nilikuwa kichwa, mikono miwili, na tetea anayetembea kwa starehe pale ulipo moyo wangu. Tukarudia yote wiki iliyofuata kwa fulana nyekundu tulizonunua wenyewe Karume, shilingi 7,000 kila moja. Nilipendekeza tuiache ile ya kwanza, wafugaji wangeipenda. Mratibu hakucheka.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kuulizwa ushauri, nikajikuta nafundishwa na niliowashauri. Ustadhi mmoja wa mtaani kwetu hurekodi darasa za Ramadhani. Kanzu yake ni nyeupe, na habadili kwa sababu ya kamera, hilo alinikatia mapema. Lakini juu yake alivaa koti la kahawia, kama wazee wa pwani wavaavyo toka zamani, na weupe ukapungua ukabaki ukanda katikati. Uso wake ukaonekana vizuri bila taa ya ziada. Tatizo lilikuwa kile kisanduku cha maiki. Ndani ya kanzu alikuwa amejifunga msuli, ile shuka ya kiunoni. Fundi sauti alizunguka naye mara mbili akitafuta pa kukining'iniza, mwishowe wakakifunga kiunoni kwa kamba ya kiatu. Sasa siku ya kurekodi anavaa suruali yenye mkanda chini ya kanzu.

Nguo zangu za kamera leo ni mbili tu. Koti la bluu iliyokolea, la mtumba, 25,000, na fundi cherehani akala 12,000 kulipunguza mabega na mikono. Hiyo 12,000 ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote, kwa sababu koti linalokukaa mabegani linalishinda la bei mara tano lililoazimwa. Nikikaa nafungua kifungo, kisha naukalia mkia wa koti kwa nyuma. Mabega yanashuka yenyewe. La pili ni suti ya Kaunda ya kijivu cha wastani, mikono mifupi, kitambaa na ushonaji 75,000 jumla. Joto la Dar haliipi taabu, haitaki tai, na maiki inabanwa kwenye kola bila kusuguana na kitu. Ndani ya zote mbili navaa singlendi, inyonye jasho kabla halijafika nje. Soksi ni ndefu, za kufika kwenye shavu la mguu, rangi ya suruali. Funguo, simu, sarafu na kitambulisho vinabaki kwa aliyenisindikiza.

Nywele nakata siku tatu kabla, si jana yake, ule ukali wa mstari upate kupoa. Ndevu ni mashine inayoacha kivuli, wembe hapana. Piko nimeacha, kwanza ilikuwa inaniwasha, na upara wenyewe kamera haina shida nao ilimradi haung'ai.

Hapo ndipo poda inaingia. Usichukue ile nyeupe ya watoto, utatoka kama aliyetoka mashine ya kusaga. Nilikwenda duka la vipodozi nikiwa na mke wangu, kwa woga, nikajaribishwa pembeni ya taya, si nyuma ya kiganja, maana kiganja na uso havina rangi moja. Ya kwanza ilikuwa njano mno, ya pili nyekundu, ya tatu ikapotea kwenye ngozi, hiyo ndiyo. Shilingi 9,000, na mwaka wa pili huu haijaisha. Mafuta asubuhi ya kipindi napaka kidogo mno, nasubiri nusu saa, nabandika karatasi laini usoni bila kufuta, kisha poda paji, pua, kidevu na kile kipara. Mbele ya kioo huwezi kuiona. Kwenye kamera unaona mtu mwenye afya.

Koti la shemeji nilikuwa nimelirudisha baada ya kulipeleka dobi kwa 8,000, na bado kola ilibaki na alama ya mafuta ya nazi ambayo hakuisema, ila mkewe aliisema. Niliwahi kupiga hesabu: shati, kinyozi na dobi ni 48,000, kabla ya nauli na malazi, na mgeni wa kipindi kile halipwi kitu.

Mwezi uliopita shemeji naye kaitwa. Wanataka aeleze mambo ya vikundi vya kuweka na kukopa. Alikuja nyumbani Jumapili, akala, akaongea siasa, akaongea mpira, akaangalia saa mara tatu. Mke wangu alipoingia jikoni akasogeza kiti karibu na changu. Nikajua ni koti, nikaanza kutafuta maneno ya kumnyima kwa heshima. Akainama, akashusha sauti kama mtu anayeulizia kitu cha magendo.

"Shem. Ile poda yako ni namba ngapi?"